Siki, Mlima na Safari ya Kurudi

Mwaka 1941 daktari George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, na mwenzake Herbert Traut walichapisha ushahidi kwamba chembe zilizochukuliwa ukeni huonyesha saratani ya mlango wa kizazi mapema. Kipimo hicho kilidai maabara, mtaalamu wa darubini, na mwanamke atakayerudi baadaye kufuata majibu.

Sharti hilo la mwisho ndilo zito kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mama wa huko, wa Mgeta au Matombo, akishuka Morogoro mjini huacha shamba na watoto, hutafuta nauli, na wakati wa masika bodaboda huserereka kwenye tope. Kurudi tena kufuata karatasi, ilhali mwili haumuumi, huahirishika kirahisi. Nayo saratani hii hujiandaa kimya kwa miaka. Damu ikianza kumtoka, huenda safari ikawa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kilomita 190 hivi kutoka Morogoro.

Hapo Ocean Road, kuanzia 2002, kliniki ya uchunguzi ilitumia siki. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa, husubiri dakika moja, kisha humulika taa. Palipobadilika hugeuka peupe. Doa likiwa dogo, laweza kugandishwa kwa baridi kali siku ile ile, mama akaondoka ametibiwa.

Ila siki hutegemea jicho, na jicho hukosea. Mwaka 1983 Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake waligundua HPV 16, aina ya kirusi cha papiloma inayosababisha saratani nyingi za aina hii. Kipimo cha kirusi ni makini zaidi, lakini majibu yakichelewa, habari ya kurudi inaanza upya. Watafiti waliwatumia ujumbe wa simu wa kuwahimiza kurudi wanawake wa Dar es Salaam na Kilimanjaro waliokutwa na kirusi. Matokeo ya 2020 yalionyesha kuwa waliorudi ni karibu robo tu, sawa na wasiotumiwa ujumbe.

Tangu 2018 Tanzania huchanja wasichana dhidi ya kirusi hicho, na tangu 2024 dozi moja hutosha kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mama zao bado wanahitaji kupimwa, na aliyetibiwa hutakiwa kuangaliwa tena baada ya mwaka. Kwa hiyo huduma ya mkoba ikipanda Mgeta na siki yake, itangaze papo hapo siku ya kupanda tena mwakani.