Kuponi ya Punguzo na Anayelipa Pengo

Mteja wa supamaketi nchini Marekani anafika kwa keshia akiwa na sabuni ya dola 4 na karatasi ndogo aliyoikata gazetini, yenye punguzo la senti 75. Keshia anapitisha sabuni kwenye mashine, anapitisha na karatasi, mteja analipa dola 3 na senti 25, basi. Ukiishia hapo utadhani mwenye duka amekubali hasara. Hakukubali. Karatasi ile inatunzwa kwenye droo ya fedha, kisha inapelekwa kwa kampuni zinazokusanya na kuhesabu karatasi za aina hiyo, nyingine zikiwa na vituo vyao kaskazini mwa Mexico. Mtengenezaji wa sabuni anapokea dai, anarejesha senti 75, na juu yake anaongeza ada ya usumbufu ambayo kwa miaka mingi imekuwa senti 8.

Karatasi hiyo ndiyo kuponi ya punguzo. Ninaitetea istilahi hii kwa maneno yake yote mawili, kwa sababu neno kuponi likiachwa peke yake limekwisha kubeba mizigo mingine. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukata, na kila kilichowahi kuitwa hivyo kilikuwa kipande cha kukatwa. Waingereza walikata kuponi za mgawo wa chakula kuanzia Januari 1940 hadi Julai 1954. Kuponi hizo hazikupunguza bei hata senti. Ziliruhusu tu kununua. Wenye hatifungani nao walikata vipande pembeni mwa hati zao kwenda kudai riba, na ndiyo maana hadi leo, ingawa mkasi haupo tena, hatifungani ya miaka 20 ya Serikali ya Tanzania ilitangazwa kuwa na kuponi ya asilimia 15.49. Msomaji wa kurasa za uchumi akiona kuponi anawaza riba. Kwa hiyo lile la pili, punguzo, si pambo.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kati ya kuponi na vocha. Vocha inabeba thamani yenyewe. Mtanzania akisikia vocha anafikiria salio la simu. Mkenya anaweza kufikiria vocha ya manunuzi aliyopewa na mwajiri wake Desemba. Mpango wa Bamba Chakula, ulioanza katika kambi ya Kakuma mwaka 2015, ulikuwa wa vocha kamili: mkimbizi aliingiziwa kiasi fulani kwenye simu, akaenda kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, akachukua unga na mafuta bila kuongeza chochote kutoka mfukoni. Kuponi ya punguzo haifanyi hivyo. Bila fedha za mteja mwenyewe haina kazi. Kuponi nyingi za Marekani zimeandikwa kwa herufi ndogo kabisa kwamba thamani yake ya fedha taslimu ni sehemu moja ya mia ya senti, masalia ya sheria za majimbo kadhaa kuhusu stempu za biashara. Mwenye kuponi mia moja na mfuko mtupu hatoki dukani na kitu.

Tofauti hii imewahi kuwagusa watu wetu kwa uzito. Kuanzia msimu wa 2008/09 Serikali ya Tanzania iliwagawia wakulima wa mahindi na mpunga hati za ruzuku: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia, moja ya mbegu, za kutosha ekari moja. Ziliitwa vocha za pembejeo. Lakini hati hizo zilibeba takriban nusu tu ya bei. Nusu iliyobaki mkulima alitakiwa kuitoa mwenyewe kwa wakala wa pembejeo, naye wakala akazipeleka hati benki, NMB, kudai fedha zake. Tazama mzunguko huo: mnunuzi anaongeza fedha, muuzaji anakusanya hati, asiyekuwepo dukani analipa pengo. Hiyo ni kuponi ya punguzo kwa kila kipimo. Jina limekwisha ingia katika historia na sioni haja ya kulibadilisha, ila lilificha jambo zito. Mkulima anayeambiwa amepata vocha ana haki ya kuamini kwamba amepata mbolea, kumbe asiye na nusu ya pili hakupata mfuko.

Ofa na pointi hazihitaji maneno mengi. Ofa imebandikwa kwenye rafu na humpata kila mpita njia. Pointi hujikusanya baada ya kununua. Kuponi humfaa yule tu aliyekuja nayo.

Sasa, ni nani analipa pengo? Kiswahili kinapaswa kulijibu swali hili ndani ya istilahi yenyewe: kuponi ya mtengenezaji, kuponi ya duka. Katika majimbo mengi ya Marekani kodi ya mauzo hutegemea jibu hilo. Kuponi ikiwa ya duka, sabuni yetu inatozwa kodi juu ya dola 3.25, maana hizo ndizo fedha zote ambazo duka litapata. Ikiwa ya mtengenezaji, kodi ni juu ya dola 4, kwa kuwa duka litapokea dola 4 kamili, ingawa kutoka kwa watu wawili. Ulaya suala hili lilifika hadi Mahakama ya Haki kwa kesi ya Elida Gibbs, mtengenezaji wa vipodozi wa Uingereza, na mwaka 1996 mahakama ikakubali kwamba mtengenezaji anayerejesha thamani ya kuponi apunguziwe kiwango anachotozwa kodi ya ongezeko la thamani. Mfasiri akiandika kuponi tu, amemnyima mhasibu taarifa anayoitafuta.

Kisha kuna kitenzi. Tafsiri nyingi za programu za simu husema komboa kuponi, komboa pointi. Kukomboa ni kwa mateka, kwa rehani, kwa nchi. Zaidi ya hapo, Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mteja anayeitoa kuponi kwa keshia na pia kwa duka linaloidai thamani yake, nasi hatulazimiki kurithi ufinyu huo. Mteja hutumia kuponi. Duka hudai. Mtengenezaji hurejesha. Ukisema hivyo, hata asiyewahi kuiona kuponi anaelewa fedha zinaelekea wapi.

Masharti ndiyo mahali ambapo uzembe wa mfasiri huzua ugomvi kwenye foleni. Kuponi za Marekani hutofautisha ukomo wa aina mbili: mmoja ni kwa kila kitu kilichonunuliwa, mwingine ni kwa malipo yote ya safari moja ya kaunta. Mwenye sabuni nne na kuponi nne, chini ya sharti la kwanza, anaruhusiwa kuzitumia zote. Chini ya la pili anaruhusiwa kutumia moja tu. Yote mawili yakitafsiriwa kuwa "kwa kila ununuzi", mteja atasoma hili, keshia atasoma lile, na kila mmoja atakuwa sahihi. Yaandikwe "kuponi moja kwa kila bidhaa" na "kuponi moja kwa kila risiti". Kila mtu anajua risiti ni nini.

Kwa nini mtengenezaji asipunguze bei moja kwa moja, aepuke ada, usafirishaji na madai ya udanganyifu? Mwaka 1984 mtafiti Chakravarthi Narasimhan alieleza kuponi kuwa njia ya kuuza bidhaa moja kwa bei mbili: anayejali senti 75 atatafuta, atakata na kutunza, asiyejali atalipa bei kamili. Mnunuzi wa Kariakoo au Gikomba analijua hilo bila nadharia. Kule, mwenye muda na ulimi hupatana hadi bei ishuke, na mwenye haraka hulipa alichotajiwa. Supamaketi imemnyima keshia mamlaka ya kupatana, ndipo kuponi ikashika nafasi hiyo. Nadhani hii ni sababu moja ya kuponi za magazetini kutostawi kwetu: penye mapatano, hazina pa kukaa.

Zinakuja sasa kwa njia ya simu, zikiwa herufi na tarakimu za kuandika kabla ya kulipa, na tayari nimeona zikiitwa "kodi ya punguzo". Sikubaliani nalo hata kidogo. Kodi kwetu ni ya serikali au ya mwenye nyumba, na mteja aliyeahidiwa nafuu hapaswi kukutana na neno la kudaiwa. Msimbo tunao, umezoeleka katika msimbo pau ulio mgongoni mwa kila pakiti ya majani ya chai. Karatasi iitwe kuponi ya punguzo, tarakimu zake ziitwe msimbo wa punguzo, na kwenye risiti mistari iwe mitatu: bei ya bidhaa, kuponi ya mtengenezaji au ya duka, kiasi cha kulipa.