Diski ya kisanduku cha mafaili inapoanza kufa: nini kifanyike kwanza

Anayerekodi harusi na kwaya Iyula, wilayani Mbozi, hawezi kutunza kazi ya miaka mitano kwenye simu. Baadhi ya watu wa kazi hiyo hutumia kisanduku cha kuhifadhia mafaili, kinachojulikana kwa kifupi kama NAS. Ni kompyuta ndogo isiyo na skrini, yenye diski mbili au zaidi, iliyounganishwa kwenye ruta ili simu na kompyuta zote za nyumbani ziyafikie mafaili yaleyale. Siku taa yake inapogeuka nyekundu, swali ni moja: picha zimepona?

Mara nyingi zimepona. Visanduku vya diski mbili huweza kupangwa ili kila kinachoandikwa kwenye diski moja kiandikwe pia kwenye ya pili. Mpangilio huu ni wa familia ya RAID, jina lililotolewa mwaka 1987 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Lakini mpangilio huo si akiba. Ukifuta faili, linafutika kote kuwili, na radi ikipiga au mwizi akiingia, zote mbili zinakwenda pamoja.

Diski huwa na tabia ya kuonya. Mafaili yanachelewa kufunguka, au unasikia mlio wa tik-tik. Ndani ya diski kuna kumbukumbu za afya ziitwazo SMART, ambazo utaziona kwenye ukurasa wa mipangilio wa kisanduku. Tazama idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikiwa zinapanda wiki hadi wiki, usingoje.

Hatua ya kwanza si kununua diski. Nakili kwanza yale yasiyoweza kupatikana tena, kama picha za marehemu, kazi za wateja ambazo hazijakabidhiwa na vitabu vya hesabu, kwenye diski ya nje. Ule ushauri wa mitaani wa kuweka diski mbovu kwenye friji uacheni. Unyevu unaoganda ndani unaweza kuimaliza kabisa.

Kisha tambua diski iliyo mbovu. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa kuchomoa ile nzima. Ukurasa wa mipangilio huonyesha namba ya utambulisho ya kila diski. Ilinganishe na lebo ya diski yenyewe kabla ya kwenda mbali. Kama huna hakika kwamba kisanduku chako kinaruhusu kuchomoa diski kikiwa kinawaka, kizime.

Diski mpya iwe na ukubwa ule ule au zaidi. Ukienda kuinunua Tunduma au Mbeya, uliza kama imetengenezwa kwa ajili ya NAS, na pia namna inavyoandika. Zipo diski ambazo mistari yake ya maandishi hupandana kama vigae, teknolojia iitwayo SMR, nazo huchelewa sana wakati wa kujaza upya. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zinazouzwa kwa ajili ya visanduku hivi, zilitumia teknolojia hiyo. Muuzaji akikubali, ipimwe palepale. Diski inayoitwa mpya huku ikionyesha maelfu ya saa za kazi, rudisha mezani.

Ukishaichomeka, agiza kisanduku kiijaze upya. Diski ya terabaiti 4, kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya saa 7, na kwa kawaida muda huzidi hapo. Katika saa hizo diski iliyobaki inasomwa yote, wakati pengine umri wake ni sawa na wa ile iliyokufa. Ndiyo maana tulitanguliza kunakili. Umeme ukikatika katikati si lazima kazi yote iharibike, lakini ni hatari isiyo na sababu: hakikisha LUKU ina uniti za kutosha, na kama una UPS, chomeka humo kisanduku pamoja na ruta.

Diski ya zamani usiitupe wala kuiuza ikiwa na mafaili. Anayetunza picha na nakala za vitambulisho vya wateja anaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ikiwa bado inawaka, ifute yote kwa programu ya kufutia diski. Ikiwa imekufa, itoboe kwa drili hadi kwenye sahani za ndani, ukiwa umevaa miwani ya kazi, kwani baadhi ya sahani hizo ni za kioo.