Jinsi Wauguzi Walivyopata Kufundishwa Mwili wa Mtu

Kijana aingiapo chuo cha uuguzi hutazamia kwamba siku ya kwanza atapewa nguo nyeupe na kupelekwa kwa wagonjwa. Badala yake huonyeshwa picha ya mifupa, akaambiwa kwamba mtu mzima ana mifupa 206, naye apaswa kuijua kabla ya mtihani. Wengi huuliza, “Mimi nimekuja kuuguza watu, mifupa hii yote ya nini?” Mimi ni mwalimu wa shule, si mganga, walakini wanafunzi wangu wa zamani waliokwenda katika vyuo hivyo wameniletea swali hili mara nyingi. Nimeona kwamba jibu lake limo katika historia, nayo yafaa kusimuliwa.

Katika siku za kale bwana mkubwa wa elimu ya mwili alikuwa Galen, mganga Myunani aliyezaliwa Pergamon yapata mwaka wa 129, akafanya kazi Roma. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi na bidii. Lakini desturi ya watu wa Roma ilikataza kupasua maiti ya mtu, basi Galen alipasua nyani, nguruwe na ng’ombe, akaandika kana kwamba viungo vyao na vyetu ni sawasawa. Hivyo alisema kwamba mfupa wa taya ya chini ni vipande viwili, kama ulivyo katika wanyama wengine. Kumbe kwa mtu mzima ni mfupa mmoja. Alisema tena kwamba damu hupita kutoka upande wa kuume wa moyo kwenda upande wa kushoto kwa matundu madogo yasiyoonekana katika ukuta wa katikati. Matundu hayo hayapo.

Makosa hayo yalidumu zaidi ya miaka 1,300. Sababu yake ni ajabu. Hata vyuo vya Ulaya vilipoanza kupasua maiti, mwalimu aliketi juu katika kiti kirefu akisoma kitabu cha Galen, na chini yake kinyozi ndiye aliyekata kwa kisu. Msomaji hakugusa, wala mgusaji hakusoma. Kisu kilipoonyesha jambo lisilopatana na kitabu, kitabu ndicho kilichoaminiwa.

Hata hivyo walikuwako waliothubutu kufikiri. Ibn al-Nafis, mganga Mwarabu aliyefanya kazi Kairo na kufa mwaka wa 1288, aliandika wazi kwamba ukuta wa moyo hauna matundu, na ya kuwa damu huzunguka kwa njia ya mapafu. Maneno yake hayakupata kuenea, na habari zake zilikuja kujulikana sana baada ya hati yake kuonekana Berlin mwaka wa 1924. Kisha alitokea Andreas Vesalius, aliyezaliwa Brussels mwaka wa 1514. Alipofanywa mwalimu huko Padua alishuka kutoka kile kiti kirefu, akashika kisu kwa mkono wake mwenyewe, akawaonyesha wanafunzi alichokiona. Mwaka wa 1543, naye ana umri wa miaka 28, alipiga chapa kitabu chake kikubwa chenye picha, akasahihisha taya ya Galen na mengine mengi. Mwaka wa 1628 William Harvey, Mwingereza, alithibitisha kwamba moyo husukuma damu ikazunguka mwili mzima na kurudi. Basi waganga walijifunza jambo moja: mkono na kitabu viwe vya mtu mmoja.

Lakini elimu hiyo ilikuwa ya waganga tu. Mwuguzi alibaki nje ya mlango. Aliosha, alilisha, alikesha, wala hapana aliyefikiri kwamba yampasa kujua kilicho chini ya ngozi. Mwaka wa 1854 Bibi Florence Nightingale alikwenda na wauguzi 38 kuwatunza askari wa Uingereza huko Scutari, katika vita vya Krimu, na sifa yake ikaenea. Kwa fedha walizomchangia watu, chuo cha wauguzi kilifunguliwa mwaka wa 1860 katika hospitali ya St Thomas’, London, na wanafunzi 15. Waganga waliwafundisha habari chache za mwili, walakini jambo kubwa lilikuwa kazi ya mikono katika vyumba vya wagonjwa, pamoja na adabu na tabia njema.

Ndipo palipozuka shindano kubwa. Mwaka wa 1887 Bibi Ethel Bedford Fenwick, aliyekuwa amesimamia wauguzi wa hospitali ya St Bartholomew’s, alianzisha chama cha kudai kwamba kila mwuguzi afundishwe miaka mitatu, atahiniwe, na jina lake liandikwe katika daftari ya taifa. Hoja yake ilikuwa hii: mgonjwa aliye kitandani hawezi kumpima anayemtunza, hajui kama ni fundi au ni mjinga aliyevaa nguo za fundi. Basi kuwe na mlango, na mlango huo uwe na mlinzi.

Bibi Nightingale alikataa kabisa. Alisema kwamba mtihani hupima kumbukumbu, haupimi moyo. Mtu aweza kutaja mifupa yote asiwe na subira ya kumgeuza mgonjwa usiku. Tena mtu aliyeshinda mtihani leo aweza kuwa mvivu kesho, na jina lake bado limo daftarini. Tusiidharau hoja hii. Aliyeisema alikuwa amewaona askari wakifa kwa uchafu na uzembe, si kwa kukosa wasomi.

Wakati wengine wakishindana kwa maneno, mwanamke mmoja alitafuta njia ya kuyapatanisha. Bibi Rebecca Strong, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kile cha Nightingale, alikuwa msimamizi wa wauguzi wa Royal Infirmary huko Glasgow. Mwaka wa 1893, kwa msaada wa daktari mpasuaji William Macewen, aliweka utaratibu mpya: msichana afundishwe kwanza maumbile ya mwili, kazi za viungo vyake, na kanuni za usafi, atahiniwe, ndipo akabidhiwe mgonjwa. Hakuiondoa kazi ya mikono, ila aliitangulizia ufahamu. Alilolitenda Vesalius kwa waganga, Bibi Strong alilitenda kwa wauguzi, miaka 350 baadaye.

Nchi ya kwanza kutunga sheria ya daftari kwa wauguzi peke yao ilikuwa New Zealand, mwaka wa 1901. Mwezi wa Januari 1902 Bibi Ellen Dougherty akawa wa kwanza kuandikwa. Uingereza ilichelewa hata mwaka wa 1919, baada ya shindano la miaka 32. Bibi Nightingale alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1910. Bibi Fenwick aliandikwa katika daftari ya Uingereza kwa nambari 1.

Jambo hili lilifika kwetu Afrika ya Mashariki pia. Mwaka wa 1897 Dk. Albert Cook na wenzake, akiwamo mwuguzi Katharine Timpson aliyekuja kuwa mke wake, walifika Uganda baada ya safari ndefu kutoka Mombasa, na hospitali ya Mengo ikaanzishwa. Mwaka wa 1921 palifunguliwa huko chuo cha wakunga kilichoitwa Lady Coryndon. Bwana na Bibi Cook waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili msichana ajifunze kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Hapo ndugu msomaji atambue ugumu mmoja, nao ni wetu pia. Katika Kiswahili chetu husema “mshipa”. Ateri iletayo damu kutoka moyoni ni mshipa. Vena irudishayo damu moyoni ni mshipa. Neva ipelekayo habari kwenye ubongo ni mshipa. Hata ngiri huitwa mshipa. Barazani neno hilo latosha, na kila mtu huelewa. Mbele ya mgonjwa halitoshi. Mtu akichoma sindano takoni, huchagua robo ya juu upande wa nje, maana karibu na katikati hupita neva kubwa iendayo mguuni. Akiichoma hiyo, mgonjwa aliyekuja kwa miguu yake aweza kurudi akichechemea maisha yake yote. Tena mtu aliyezimia hulazwa ubavu, kwa kuwa akilala chali ulimi huangukia nyuma ukaziba njia ya pumzi. Asiyejua maumbile ya koo ataona ni desturi tu, na desturi ni rahisi kusahauliwa mtu akichoka.

Basi jibu la swali la kijana wetu ni hili. Orodha ya mifupa si adhabu, wala si ngazi ya kupatia cheti. Ni macho ya kuonea chini ya ngozi. Bibi Fenwick alisema kweli: mgonjwa ana haki ya kulindwa na mtihani. Bibi Nightingale naye alisema kweli: mtihani hauoni moyo. Ajifunzaye kwa kukariri maswali ya miaka iliyopita, asiguse mfupa wala kuhesabu pigo la damu katika kifundo cha mkono wa mwenziwe, amerudi katika kile kiti kirefu cha Padua. Na ajuaye kazi ya mikono bila sababu zake amekuwa yule kinyozi. Wazee walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Enyi mnaojitayarisha kwa mtihani, fungueni kitabu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mshike mkono wa mgonjwa.