Mninga katika Nchi ya Dhahabu

Usukumani na Geita, mninga unajulikana zaidi ukiwa kitanda au mlango kuliko ukiwa mti. Mafundi wanausifu kwa sababu mbao zake zikikauka hazipindi ovyo, na mchwa hawazipendi. Lakini mchukue mwenye kitanda hicho hadi porini nje ya Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji dhahabu mkoani Geita, umwambie akuonyeshe mninga uliosimama, uone atakavyobabaika.

Wala si mti wa kujificha. Okota tunda lililoanguka chini yake: ni bapa, la mviringo, linajaa kiganja, na ukingo wake mwembamba umezunguka kitovu chenye miibamiiba. Gome ni jeusijeusi, limepasuka vipandevipande vya pembe nne. Mwishoni mwa kiangazi maua ya manjano hutangulia majani. Na ukiutia panga, hutoka utomvu mwekundu unaoganda kwenye jeraha. Hapo hata mgeni hakosei.

Ajabu ya historia yetu ni kwamba elimu ya kuitambua miti hii iliandikwa na watu waliokuwa katika kazi ya kufyeka. Miaka ya 1920 mbung'o walikuwa wakiwafukuza Wasukuma na ng'ombe wao. Charles Swynnerton, ofisa wa serikali ya Tanganyika, alifanya Shinyanga kitovu cha vita dhidi ya mbung'o, na maelfu ya watu waliitwa na watemi wao kwenda kukata vichaka. Baadaye ikaonekana kwamba mbung'o hakai popote tu. Ana vivuli vyake. Aliyeweza kutofautisha mti na mti angefyeka kidogo na bado akamfukuza. Kazi ya kutofautisha ikamwangukia Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o. Yeye na Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mwongozo wa Burtt wa kutambua miti ya nyika za Tanganyika ukachapishwa mwaka uliofuata.

Mashoka hayakusoma mwongozo. Pamba ilitaka mashamba, mifugo ikaongezeka, na kufikia 1986 ilibidi serikali ianzishe mradi wa HASHI ili kurudisha miti Shinyanga, ukitegemea ngitili, maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, ambazo Wasukuma walikuwa nazo tangu zamani.

Rwamgasa ina shoka lake. Wachimbaji wadogo wakishuka, kuta za duara, yaani shimo la mgodi, huzuiwa na matimba, magogo yanayopangwa kutoka juu kwenda chini ili udongo usiwafukie. Ni kinga ya uhai, na sidhani kuna wa kuwalaumu. Ila matimba hayahitaji mti mkubwa. Mti mchanga ulionyooka unatosha, na anayekata bila kuujua mninga ukiwa mdogo hana sababu ya kuuruka.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi, ukabaki mzizi tu, na mvua zikirudi ukachipua upya. Huweza kwenda hivyo miaka kumi na zaidi, mzizi ukinenepa, kabla shina halijapata nguvu ya kupanda moja kwa moja. Mti unaoonekana wa juzi una umri mrefu chini ya ardhi.

Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Panama uliiweka jamii yote ya mininga ya Afrika chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Mkataba huo unahusu kinachovuka mpaka wa nchi. Gogo linaloshushwa duarani Rwamgasa halivuki hata mpaka wa kata.