Maji ya Mkonge na Vidole Vilivyokakamaa

Aprili 1, 1929, mgonjwa mmoja katika Kliniki ya Mayo, mjini Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, alimsimulia daktari wake jambo lililomshangaza. Mgonjwa mwenyewe alikuwa daktari, umri wake miaka 65, na baridi yabisi ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu. Ini lilipougua, macho na ngozi yake vikageuka manjano, na siku ya pili yake maumivu ya viungo yakaanza kumwachia. Akawa anatembea bila taabu, na nafuu ile ikaendelea hata baada ya manjano kuisha.

Aliyekuwa akisikiliza ni Philip Hench, kijana wa miaka 33, mzaliwa wa Pittsburgh, ambaye hakuwa msemaji hodari kwa sababu alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Hakumwambia mzee yule kwamba ni bahati tu. Aliandika alichoambiwa, kisha akaanza kuwauliza wagonjwa wengine.

Ili kuona uzito wa habari ile, yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Sisi huita baridi yabisi karibu kila maumivu ya viungo, tukaulaumu umande, maji ya kufulia au sakafu ya saruji. Lakini ndani ya jina hilo moja mmejificha maradhi kadhaa. Jongo hutokana na chembe za asidi zinazojikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Magoti ya wazee huuma kwa sababu gegedu imelika. Ugonjwa aliouchunguza Hench ulikuwa mwingine: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utando laini unaovika kiungo kwa ndani. Utando huvimba, hunenepa, na hatimaye hula gegedu na mfupa. Huanza kwenye vifundo vidogo vya vidole na viganja, mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, wengi wao wakiwa bado na watoto wa kubeba na nguo za kukamua.

Mwaka ule wa 1929 chanzo hicho hakikujulikana. Madaktari wengi waliamini kuna vijidudu vilivyojificha mahali fulani mwilini, kwa hiyo wagonjwa waling'olewa meno mazima na kukatwa mafindofindo, kisha wakarudi nyumbani na vidole vilevile. Nafuu haikutarajiwa.

Ndiyo maana maneno ya yule mzee yalikuwa na nguvu. Kama maumivu yanaweza kuondoka kwa siku chache, basi viungo vile havikuwa vimekufa. Hench akagundua pia kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huo hupata ahueni wakiwa wajawazito, kisha baada ya kujifungua hurudi walikokuwa. Mjamzito hana manjano, na mwenye manjano si lazima awe mwanamke. Pana kitu kimoja, akawaza, ambacho mwili wa kila mtu unaweza kukitengeneza, na hali hizi mbili hukiongeza. Akakiita kwa muda dutu X. Akawapa wagonjwa chumvi za nyongo, akawatia damu ya wajawazito, hata akajaribu kuwasababishia manjano kwa makusudi. Hakuna kilichofaa vya kutosha.

Katika kliniki hiyohiyo alikuwako mkemia, Edward Kendall, aliyekuwa akichambua tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Zilikuwa zimempa dutu kadhaa, nazo akazipa herufi: A, B, E, F. Januari 1941 wawili hao walikubaliana kuijaribu E kwa wagonjwa wa viungo. Kisha Marekani ikaingia Vita vya Pili vya Dunia, na E yenyewe ilikuwa haba kupita kiasi. Desemba 1944 Lewis Sarett wa kampuni ya Merck alifaulu kuitengeneza kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe, kwa safari ya hatua zaidi ya 30 za kikemia. Hata miaka minne baadaye, iliyopatikana ilihesabiwa kwa gramu.

Mwezi wa Julai 1948 alilazwa katika hospitali ya masista wa Kifransisko mjini Rochester mwanamke wa miaka 29 kutoka Indiana. Alikuwa ameugua zaidi ya miaka minne, na kujigeuza kitandani tu kulikuwa kazi. Walijaribu kwanza ile njia ya manjano, isifanikiwe. Mama huyu alikataa kuondoka mpaka apate nafuu. Napenda kukukumbuka kukataa kwake kila historia hii inaposimuliwa, kwa kuwa aghalabu sifa zote huenda kwa wenye makoti meupe. Hench akaiandikia Merck kuomba E, na Septemba 21 sindano ya kwanza ikachomwa. Baada ya siku mbili alijigeuza kitandani bila shida. Septemba 28 alikwenda mjini akazunguka madukani saa tatu.

Dunia ilipata habari mwaka uliofuata. E ikapewa jina la kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobeli.

Sasa kila mgonjwa aliitaka, na nyongo ya ng'ombe isingeweza kutosha. Wakemia wakaanza kutafuta mimea yenye umbo la kikemia linalokaribia kotisoni. Katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London, Robert Callow na wenzake wakalipata umbo hilo kwenye mkonge, tena katika sehemu iliyokuwa ikitupwa.

Mkonge wa Tanganyika una historia yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia miaka ya 1950 hapakuwa na nchi iliyouza mkonge mwingi kuliko Tanganyika. Lakini katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo nne tu. Yaliyobaki ni maji na makapi, yanayotoka mashineni yakinuka na kutiririka mabondeni. Manamba waliokata mkonge Korogwe na Muheza waliyajua maji yale kwa jinsi yanavyowasha ngozi. Ndani yake mlikuwa na hekojenini, dutu yenye umbo lile walilolitafuta wakemia. Maji yakaachwa yachachuke, masimbi yakakaushwa, na kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikaigeuza hekojenini ya Afrika Mashariki kuwa kotisoni, na baadaye betamethasoni, ile dawa ya kupaka tunayoijua kama Betnovate. Sijawahi kuona kibao shambani kinachoeleza hayo, na naona manamba wale walistahili kuelezwa.

Furaha ya 1948 haikudumu jinsi ilivyoanza. Waliotumia kotisoni kwa wingi na kwa muda mrefu walivimba uso ukawa mviringo, mifupa ikawa dhaifu, sukari na shinikizo la damu vikapanda, wengine wakavurugikiwa akili. Walioiacha ghafla walizidiwa. Hench mwenyewe alikwisha kuonya kwamba dawa hiyo hutuliza ugonjwa bila kuung'oa. Onyo hilo linawahusu wanaonunua predinisoloni, steroidi ya jamii moja na kotisoni, dukani bila cheti, na wanaokunywa dawa ya unga isiyo na jina inayoondoa maumivu kwa usiku mmoja. Unafuu wa haraka namna hiyo huenda ni steroidi iliyochanganywa humo kimyakimya.

Siku hizi predinisoloni hutolewa kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, ikisubiri dawa zinazoizuia kinga isiendelee kula viungo. Ya kwanza kati ya hizo ni methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kumewahi kuua. Mjamzito haitumii. Ikianzishwa mapema, miezi michache tangu uvimbe wa kwanza, vidole vingi huokolewa visipinde.

Ndiyo maana daktari anayeujua ugonjwa huu, kabla ya kuagiza damu ipimwe au picha ipigwe, huushika mkono wa mgonjwa, akabonyeza vifundo kimoja kimoja, akamuuliza: ukiamka asubuhi, huchukua muda gani kabla vidole hivi havijakunjuka?