Mkurugenzi na Mtaa Wake: Uongozi wa John Kinard katika Makumbusho ya Mtaa wa Anacostia, Washington, 1967–1989

1.0 Utangulizi

Historia ya makumbusho nchini Marekani kwa muda mrefu imeandikwa kwa kufuata majengo, mikusanyo na wafadhili. Mtu mweusi anapotajwa katika historia hiyo, mara nyingi hutajwa kwa kuwa wa kwanza: wa kwanza kuajiriwa, wa kwanza kuteuliwa, wa kwanza kukalia kiti fulani. Uandishi wa namna hii una manufaa yake, kwani unaweka kumbukumbu za milango iliyofunguliwa. Hata hivyo, unaacha swali moja bila jibu: baada ya kukalia kiti hicho, kiongozi huyo alikuwa na uwezo wa kuamua nini?

Makala hii inalichunguza swali hilo kupitia uongozi wa John Kinard, mkurugenzi wa Makumbusho ya Mtaa wa Anacostia jijini Washington tangu yalipofunguliwa mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 1989. Kwa ajili ya uchambuzi, uongozi umegawanywa katika mambo matatu: uteuzi, uchaguzi wa mada za maonyesho, na umiliki wa rasilimali. Hoja kuu ni kwamba Kinard alibadili maana ya makumbusho kwa sababu alipata uhuru katika jambo la pili. Na kwamba uhuru huo ulikuwa na mpaka, kwa kuwa jambo la tatu lilibaki mikononi mwa wengine.

2.0 Wazo na Mtaa

Taasisi ya Smithsonian ilianzishwa mwaka 1846, na makumbusho yake makubwa yamejipanga katikati ya jiji la Washington. Katibu wake tangu mwaka 1964, S. Dillon Ripley, aliona kwamba wakazi wengi wa jiji hilohilo, hususani Wamarekani Weusi wa kipato cha chini, hawakuwa wakiingia katika majengo hayo. Pendekezo lake lilikuwa kufungua tawi dogo katika mtaa wao. Kwa mtazamo wa awali, tawi hilo lingekuwa daraja: mkazi angeonja makumbusho karibu na nyumbani, kisha angevuka mto kwenda kuyaona yale makubwa.

Mtaa uliochaguliwa, Anacostia, ulikuwa na historia yake kabla ya Smithsonian kufika. Mwaka 1867 makazi ya watu waliotoka utumwani yalianzishwa katika eneo la Barry Farm. Frederick Douglass, mtoro wa utumwa aliyekuja kuwa mwandishi na msemaji mashuhuri, aliishi katika nyumba ya Cedar Hill hadi kifo chake mwaka 1895. Katika miaka ya 1950, ubomoaji wa makazi ya kusini-magharibi mwa Washington uliwaondoa maelfu ya wakazi, na wengi wao wakahamia ng'ambo ya mto. Kufikia miaka ya 1960, Anacostia ilikuwa na watu wengi weusi, nyumba zilizosongamana na huduma haba za jiji. Kwa hiyo, makumbusho yalipofunguliwa Septemba 1967 katika jengo la zamani la sinema la Carver, yaliingia katika mtaa wenye kumbukumbu ya miaka 100. Kilichokosekana ni mahali pa kuihifadhi.

3.0 Uteuzi: Mkurugenzi Aliyetoka Mtaani

Kinard alizaliwa Washington mwaka 1936. Alisomea uchungaji na akatumika katika Kanisa la African Methodist Episcopal Zion. Mwaka 1962 alikwenda Tanganyika kupitia mpango wa Operation Crossroads Africa, uliowapeleka vijana wa Amerika ya Kaskazini kufanya kazi za kujitolea barani Afrika. Aliporejea Marekani alifanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya Washington, Anacostia ikiwamo. Hakuwa na mafunzo ya makumbusho. Alipoteuliwa kuwa mkurugenzi alikuwa na umri wa miaka 30.

Safari ya Tanganyika inastahili kutazamwa kwa uangalifu. Nchi hiyo ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Waafrika walikuwa wameanza kushika ofisi za dola. Ni rahisi kudai kwamba Kinard alijifunza uongozi huko kisha akaupeleka Anacostia. Dai hilo lingekuwa zito kuliko ushahidi wake. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba sifa zilizomfikisha katika kiti hicho zilitokana na kazi za kijamii, za Washington na za Afrika Mashariki, na si na vyeti vya fani.

Ukweli huu unagusa mjadala mpana. Taasisi nyingi za sanaa zilieleza uchache wa viongozi weusi kwa kusema kwamba hapakuwa na watu wenye sifa. Uteuzi wa Kinard ulilipindua swali lenyewe: sifa ni zipi, na nani anazipanga? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika makumbusho ya mtaa, kuujua mtaa kulikuwa sehemu ya utaalamu.

4.0 Mada: Panya Ndani ya Makumbusho

Maonyesho ya mwanzo yalichanganya vitu vingi. Palikuwa na mfano wa duka la Anacostia la mwaka 1890, chombo cha anga cha mradi wa Mercury, na wanyama wadogo. Kwa sehemu kubwa, vitu hivyo vilitokana na hazina ya Smithsonian. Mabadiliko makubwa yalionekana mwaka 1969, katika maonyesho yaliyoitwa The Rat: Man's Invited Affliction, yaani panya kama balaa ambalo binadamu amejikaribishia mwenyewe.

Chimbuko la mada hiyo lilikuwa mazungumzo na watoto wa mtaa, ambao kwao panya alikuwa jambo la kila siku. Wageni walionyeshwa panya hai, maisha yake, magonjwa anayoeneza na njia za kumdhibiti. Taka zisizozolewa na nyumba zisizokarabatiwa zilipata nafasi ambayo kwa kawaida hupewa michoro na masalia ya kale. Baadaye yalifuata maonyesho kuhusu dawa za kulevya na kuhusu gereza la Lorton, mahali ambapo familia nyingi za Washington zilikuwa na ndugu zao.

Umuhimu wa tukio hili unaonekana vizuri likilinganishwa na jingine la mwaka huohuo. Januari 1969, Makumbusho ya Metropolitan jijini New York yalifungua maonyesho ya Harlem on My Mind, yaliyohusu maisha ya Harlem kwa picha za kamera na sauti. Hayakujumuisha michoro wala sanamu za wasanii weusi wa Harlem, na wasanii waliandamana nje ya jengo. Hapo mtaa wa watu weusi ulikuwa mada, lakini maamuzi yalifanywa na wengine. Anacostia, mkazi alihesabiwa kuwa mtoa maarifa. Tofauti kati ya maonyesho haya mawili haikutokana na wingi wa fedha wala ubora wa vifaa, kwa kuwa katika hayo yote Metropolitan ilikuwa mbele. Ilitokana na mahali mada ilipozaliwa.

Mwelekeo huu uliendelezwa na wanawake ambao aghalabu hutajwa kwa kupita. Zora Martin-Felton aliongoza shughuli za elimu, na Louise Daniel Hutchinson aliongoza utafiti. Kitabu cha Hutchinson kuhusu historia ya Anacostia, kilichotoka mwaka 1977, kiliupa mtaa maandishi yake. Kwa hiyo, kuuita uongozi wa Anacostia uongozi wa Kinard peke yake ni kurudia kosa lilelile la historia ya mtu mmoja. Mwaka 1971 Kinard aliueleza uzoefu huo mbele ya mkutano mkuu wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho nchini Ufaransa, na Anacostia ikaingia katika mjadala wa kimataifa kuhusu wajibu wa makumbusho kwa jamii.

5.0 Rasilimali: Mpaka wa Uhuru

Kwa kulinganisha, mwaka 1961 mwalimu na msanii Margaret Burroughs alianzisha na mumewe, Charles, makumbusho ya historia ya watu weusi ndani ya nyumba yao jijini Chicago. Makumbusho hayo, yaliyopewa jina la DuSable mwaka 1968, hayakuwa na taasisi mama. Burroughs alikuwa na sauti yote, na mzigo wote wa gharama. Kinard alikuwa na jina la Smithsonian mgongoni, pamoja na mafundi wake na bajeti yake. Lakini makumbusho yake yalibaki idara ndogo ndani ya taasisi kubwa ambayo makao yake yalikuwa ng'ambo ya mto.

Matokeo ya hali hiyo yalionekana mwaka 1987. Baada ya miaka 20 katika jengo la sinema, makumbusho yalihamia jengo jipya huko Fort Stanton, na neno “Mtaa” likaondolewa katika jina. Jengo hilo lilikidhi vyema zaidi viwango vya kuhifadhi vitu. Hata hivyo, lilikuwa mlimani, mbali na barabara kuu ambayo mtoto angeweza kuingia kutoka kwayo akiwa njiani kurudi nyumbani. Taasisi ilipata hadhi na ikapoteza ukaribu. Hapa ndipo methali ya mtegemea cha nduguye hufa maskini inapohitaji kusomwa upya: Anacostia haikufa, lakini kilichohesabiwa kuwa maendeleo yake kilipimwa kwa kipimo cha nduguye. Neno la jamii lilirejeshwa katika jina mwaka 2006, miaka 17 baada ya kifo cha Kinard.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2019 Lonnie Bunch, mwanahistoria na mkurugenzi mwasisi wa makumbusho ya kitaifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, akawa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza Smithsonian nzima, miaka 52 baada ya Kinard kupewa funguo za jengo la sinema. Hesabu hiyo inaweza kusomwa kama ngazi iliyopandwa polepole hadi juu. Ushahidi wa Anacostia unapendekeza usomaji mwingine. Uteuzi ni mwanzo wa uongozi tu; uzito wake hupimwa kwa mada ambazo kiongozi anaweza kuziruhusu na kwa mtu anayeshika fungu la fedha. Mtafiti anayechunguza viongozi weusi katika taasisi za utamaduni atapata mengi zaidi akiuliza maswali hayo mawili kuliko akiorodhesha majina ya waliotangulia. Kinard alilijibu la kwanza kwa kuwaingiza panya wa mtaa ndani ya Smithsonian. La pili hakuachiwa alijibu.