Bima ya Magari katika Bonde la Ufa

Kila chombo kimfaacho mtu kina madhara yake. Moto hupika chakula, na moto huo huo huteketeza nyumba. Maji huotesha mahindi, na maji hayo hayo huchukua daraja pamoja na mvukaji. Motokaa nayo i katika hesabu hiyo. Humfikisha mgonjwa hospitali kabla hajakata roho, na kwa kosa la dakika moja humlaza hospitalini mtu aliyekuwa mzima. Kwa kuwa watu hawawezi kuacha vyombo vyenye faida kwa kuhofu madhara, walitafuta njia ya kuyagawa madhara yenyewe ili yasimwelemee mmoja. Njia hiyo huitwa bima. Katika insha hii tutatazama jinsi bima ya magari ilivyoingia katika Bonde la Ufa, misukosuko iliyoipata, na mafunzo ambayo nyumba yenye magari mawili, matatu au zaidi huweza kuyatoa katika historia hiyo inapofika siku ya kuchagua.

Asili ya bima ya aina hii ni baharini. Mwishoni mwa karne ya 17 wafanya biashara wa London walikuwa wakikutana katika mkahawa wa kahawa wa mtu aliyeitwa Edward Lloyd. Mwenye jahazi alitoa fedha kidogo kabla ya safari, na matajiri waliotia sahihi zao waliahidi kumlipa kama chombo kikizama. Hesabu yake si ngumu. Tuseme watu 100 wana vyombo, na kila mmoja anatoa shilingi 1,000. Hapo zimepatikana shilingi 100,000. Mwaka ule chombo kimoja kikizama, mwenyewe hulipwa katika fungu hilo, na wale 99 hawalalamiki, kwa maana wamenunua usingizi wao. Mwaka 1904 soko hilo hilo la Lloyd's liliandika mkataba wake wa kwanza wa bima ya motokaa.

Lakini motokaa ina jambo ambalo jahazi halina. Jahazi likizama, hasara kubwa ni ya waliomo na ya wenye mali. Motokaa hupita kati ya watu ambao hawana fungu lolote ndani yake: mtoto aendaye shule, mama atokaye sokoni, mchungaji na mbuzi wake. Wakigongwa na mtu maskini watalipwa na nani? Swali hilo ndilo lililozaa sheria ya kumlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilianza kuitumia sheria ya namna hiyo mwaka 1927, na Uingereza ikatunga ya kwake mwaka 1930.

Sasa tuje kwetu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali hapo palitangazwa kuwa mji. Katika mashamba ya walowezi, kuanzia Njoro hata Molo, mizigo ilivutwa kwanza na ng'ombe, kisha motokaa na malori yakachukua nafasi yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mateka wa Kitaliano walijenga barabara ya kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Kanisa dogo walilolijenga kando ya barabara hiyo mwaka 1942 lipo mpaka leo. Vita vilipokwisha magari yaliongezeka, na mwaka 1945 Kenya ikapata sheria yake ya bima ya magari kwa ajili ya hatari za mtu wa tatu. Siku zile wengi wa wenye magari walikuwa Wazungu na Wahindi, na wengi wa waendao kwa miguu walikuwa Waafrika. Mambo hayo yamebadilika sana, lakini sheria ile, pamoja na marekebisho yake, ingali ndiyo msingi wa bima ya magari nchini.

Mwanafunzi atauliza: mtu wa tatu ni nani? Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule asiyetia sahihi popote lakini anaweza kuumia. Huyo ndiye sheria iliyemkusudia. Inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kifo au jeraha la mtu huyo, na kikomo cha fidia ambayo bima hiyo ya lazima humlipia mtu mmoja ni shilingi 3,000,000. Hailazimishi bima ya gari lenyewe likivunjika au kuibwa. Tena, hailazimishi bima ya jamaa na marafiki wanaochukuliwa bure ndani ya gari la nyumbani. Inaigusa hali ya abiria wanaolipa nauli. Basi mtu akisema, "Gari langu lina bima," hajasema mengi. Inafaa aulizwe, "Bima ya nani, na ya nini?"

Baada ya uhuru kulizaliwa kampuni nyingi. Serikali yenyewe ilianzisha Kenya National Assurance mwaka 1964. Kisha mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni zilizokuwa zikihitajiwa na mabasi. Tangu hapo mwalimu, mkulima au mwenye duka aliyeweka akiba aliweza kununua gari la nyumbani na la biashara pia. Nyumba yenye magari mengi, ambayo zamani ilikuwa ya mlowezi mwenye shamba kubwa, ikawa ya mwananchi wa kawaida.

Pamoja na neema hiyo ilikuja balaa. Ajali za matatu zilikuwa nyingi, madai yakawa mengi, mengine ya kweli na mengine ya kubuni. Na kampuni nyingine zilivuta wateja kwa bei ndogo isiyotosha kulipa madai hayo. Kenya National Assurance ilianguka mwaka 1996. United Insurance, iliyokuwa na matatu mengi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Waliovunjika miguu walibaki na hukumu za mahakama mikononi bila kuona fedha, na wenye magari, ambao walikuwa wamelipa kila mwaka kwa uaminifu, walianza kuogopa mlio wa lango wakidhani ni dalali amekuja kuuza mali yao. Serikali haikulala. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu. Ukaundwa mfuko wa kuwafidia wenye bima ambao kampuni zao zimeanguka, ingawa malipo yake yana kikomo. Na tangu mwaka 2007 iko Mamlaka ya Kusimamia Bima. Hata hivyo, msimamizi hupunguza hatari, haiondoi.

Mambo mawili yaliyotokea katika Bonde la Ufa yanastahili kukumbukwa hapa. Mwezi wa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofika Nakuru, mali nyingi iliteketezwa. Wenye mali wengi waligundua kwamba mikataba yao ya kawaida ilikuwa imezitenga ghasia za kisiasa, na kwamba kinga ya hatari hiyo hununuliwa mbali. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. La kwanza latufundisha kusoma maandishi madogo ya mkataba. La pili latuonyesha kwamba msiba wa gari moja huweza kuingia katika nyumba nyingi kuliko viti vilivyomo.

Tuchukue sasa mfano wa nyumba moja ya Njoro. Ina motokaa ya nyumbani yenye thamani ya shilingi 900,000, pikapu kuukuu ya 400,000 ichukuayo maziwa na viazi, na matatu ya viti 14. Nyumba hii ni ya kubuni, na bei zitakazotajwa ni za mfano wa hesabu tu.

Jambo la kwanza ni kazi ya kila gari. Gari la nyumbani, gari la mizigo na gari la abiria huandikiwa mikataba mbalimbali, na matatu hulipiwa kwa kuhesabu viti. Pikapu iliyokatiwa bima ya kuchukua mazao ya mwenyewe, kisha siku ya soko ikapakia watu kwa nauli, imetoka katika mkataba wake. Ikianguka, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa, au ya kumrudia mwenye gari ikitakiwa kulipa.

Jambo la pili ni ukubwa wa kinga. Tuseme bima kamili ya pikapu ni shilingi 20,000 kwa mwaka, na bima ya mtu wa tatu peke yake ni 8,000. Je, 12,000 za zaidi zina maana? Jibu halimo katika bei bali katika nyumba yenyewe. Ikiwa pikapu ikipotea leo nyumba itaweza kununua nyingine kwa akiba, bima ndogo yatosha. Ikiwa ndiyo iletayo karo ya watoto na hakuna akiba, bima kamili si anasa. Kata bima ya hasara usiyoweza kuibeba. Ile uwezayo kuibeba, ibebe mwenyewe.

Jambo la tatu ni kuyaweka magari pamoja au mbalimbali. Yakiwa katika mkataba mmoja, siku ya kulipa ni moja, karatasi ni chache, na mwenye nyumba huweza kuomba apunguziwe bei. Lakini hesabu ya ajali huwa moja pia: matatu ikipata misukosuko, gharama ya motokaa iliyotulia huweza kupanda. Yakiwa mbalimbali, kila gari hulinda punguzo lake la miaka ya kutodai, lakini ni rahisi kusahau siku ya mojawapo. Tena kampuni nyingi hazikubali kuandika bima ya matatu. Kwa sababu hizo, nyumba nyingi za namna hii hufaidika kwa kuweka motokaa na pikapu mahali pamoja, na matatu peke yake. Na kampuni moja ikianguka, haiangushi kinga ya nyumba nzima.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo husahauliwa kwa sababu halikuandikwa katika orodha ya bei: je, kampuni hii hulipa? Auliziwe aliyepata ajali, si aliyepata risiti. Yatazamwe madai yake yaliyolipwa na yaliyolala mahakamani. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na historia tuliyoipitia ni ushahidi wao.

Ngano ukinunua waiona, na kitambaa wakishika. Bima hununuliwa kabla ya kuonekana, na wengi huomba wasiione kamwe. Kinachouzwa ni ahadi, na ahadi ni deni. Kijana msomaji, siku moja utakuwa na gari au utapita mbele ya gari la mwingine. Ukiwa na gari, usitosheke na cheti cha kumridhisha askari wa barabarani kule Gilgil au Salgaa, maana cheti hicho hakikuwekwa kwa ajili ya askari. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu usiyemjua, atembeaye kando ya barabara akiamini kwamba ukimdhuru hutamwacha.